Haidari Miraji Mbonde na Mapaa Arobaini na Moja ya Nyamikandaa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, wazee wetu wa Kibiti, wageni mliotoka Dar es Salaam na Chumbi, na ninyi watu wa Nyamikandaa mliosafiri usiku kucha ili mfike kabla ya sala ya Ijumaa, mimi naitwa Ashrafu Miraji Mbonde, kaka mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamchukua kwenda msikitini. Nimeyaandika mwenyewe jana, na naomba mnivumilie.

Marehemu Haidari Miraji Mbonde alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, hapa Kibiti, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Miraji Saidi Mbonde, fundi cherehani na mkulima wa mikorosho ambaye wazazi wake waliteremka kutoka milima ya Umatumbi, na Mama Zaitun binti Abdalah, mzaliwa wa Nyamikandaa, kule delta, mto unakoingia baharini, ambako mama yake mzazi, Bibi Sijaona, anaishi mpaka leo.

Mwaka 1979 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi hapa Kibiti, nami niliyemzidi miaka sita ndiye niliyemfundisha kuumba herufi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa ua huu, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, akasoma sekondari hapa hapa kuanzia 1986 hadi 1989, kisha kidato cha tano na cha sita huko Tanga, alikomaliza mwaka 1992, na baada ya hapo akalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, akarudi mwembamba na mweusi hata mama akampita njiani bila kumjua.

Agosti 1993 alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwa Bwana Zaverchand, ambaye ukoo wake uliwahi kuwa na duka hapa Kibiti, na baba yetu alishonea nguo barazani kwao miaka mingi. Bwana Zaverchand aliuza mashine za kuchapia na karatasi za ofisini, lakini biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa za nje zinaingia kila wiki, mashine zile zikabaki kushika vumbi, zikaja kompyuta ndani ya maboksi. Haidari ndiye aliyeyabeba maboksi hayo ghorofani, na siku moja akaomba vitabu vilivyokuwa ndani yake, Bwana Zaverchand akacheka akamwambia, "Wewe soma, mimi nitauza." Alisoma miaka mitatu, kwenye chumba chake cha kupanga Temeke, na kufikia mwaka 1996 kila kompyuta iliyogoma mtaani ililetwa kwake.

Hapo dukani ndipo alipompata rafiki yake wa maisha, Danish, yule aliyeketi mstari wa pili, aliyekuwa fundi wa picha na michoro. Mtandao ulipofika Dar es Salaam, wawili hawa walijifundisha kutengeneza tovuti kwa kuzifungua tovuti za watu na kuchungulia maandishi yaliyofichika nyuma yake, mstari kwa mstari, umeme ukikatika wanaketi ngazini na birika la chai na vitumbua, wanabishana habari za mpira, umeme ukirudi wanaanza upya kazi iliyopotea. Mwaka 1997 walitengeneza ya kwanza, ya hoteli moja ndogo, na Haidari akatuandikia barua akisema, mtu aliye Ulaya anaweza kuiona nyumba iliyo Dar es Salaam kabla sisi hatujafika mtaa wa pili, na baba akaisoma barua hiyo mara mbili kisha akaniuliza kama mdogo wangu ni mzima.

Tarehe 11 Julai 1998 alimuoa Bi Salima Shaban, mwalimu wa shule ya msingi, ndoa ikafungwa Chumbi, nyumbani kwa wakwe, barabara ikiwa bado imechimbika kwa mvua kubwa za mwaka ule, bwana harusi akashuka garini mara nne kusukuma. Februari 1999 walihamia Arusha, akatengeneza tovuti za kampuni ya watalii, wakajaliwa binti, Mwanamina, aliyezaliwa huko tarehe 20 Juni 1999, na shemeji yangu Salima hakuizoea baridi hata siku moja. Januari 2001 walirudi Dar es Salaam, Haidari na Danish wakafungua ofisi yao wenyewe, chumba kimoja chenye meza mbili na feni moja, na tarehe 3 Novemba mwaka huo akazaliwa mtoto wa pili, Abdalah.

Sasa nafika mwaka 2002, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

Mapema mwezi Machi walipata kazi kubwa kuliko zote, ya kampuni iliyotaka kukodi eneo la delta kwa kilimo, na tovuti hiyo ilikuwa ya kuwaonyesha washirika wa nje kwamba eneo ni pana, lina maji, na halina watu. Wakapewa picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, haikuandikwa jina la mahali, na msimamizi wa kampuni akagusa kioo cha kompyuta kwa kalamu akasema, "Hivi vibanda vinaharibu picha, vitoe." Haidari akavitoa. Alifanya kazi hiyo mchana mmoja, akafunika kila paa kwa rangi ya majani, na aliniambia baadaye kwamba aliyahesabu bila kukusudia, yalikuwa arobaini na moja.

Siku ya pili akaletewa karatasi za kunakiliwa ziingie kwenye tovuti, na mojawapo ilikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji cha Nyamikandaa, wa tarehe 9 Februari 2002, ukisema wanakijiji wameridhia kutoa ardhi, na chini yake majina sabini na matatu na sahihi zake. Jina la kumi na mbili lilikuwa la babu yetu mzaa mama, Mzee Abdalah, tuliyemzika mwaka 1994. Na mwandiko ulikuwa wangu, na mdogo wangu, niliyemfundisha kuumba herufi, hakuhitaji kuuliza mwandiko ule ni wa nani.

Ninyi watu wa Nyamikandaa mnajua kwamba wakati ule nilikuwa mtendaji wa kijiji chenu. Msichojua ni hiki. Siku ya mkutano watu walikuwa kwenye madungu, vile vibanda vya juu mashambani, wanalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, wakaja kumi na wawili tu, na hao walikataa. Niliporudi Kibiti, yule msimamizi alinifuata, nami nikaketi na kuyaandika majina sabini na matatu kwa mkono wangu, nikitumia rejista ya zamani ambayo haikuwa imeondoa wafu. Nilipewa mabati. Nyumba hii mliyoketi mbele yake imeezekwa kwa mabati hayo.

Haidari alipanda basi kesho yake, akanikuta barazani hapa, hakukaa, akaniuliza, "Kaka, babu amefufuka lini?" Nilijaribu kucheka, akaitoa karatasi, nikasema, "Mdogo wangu, ukiitoa hiyo hadharani, mimi naingia jela." Akaniuliza, "Na Bibi ataingia wapi?" Akaondoka bila kugusa chakula, akavuka hadi Nyamikandaa, akakaa siku tatu kwa Bibi Sijaona, akipita nyumba kwa nyumba na daftari, kila paa akauliza ni la nani.

Aliporudi Dar es Salaam akamweleza Danish anachotaka kufanya. Danish ameniruhusu niseme alivyojibu, kwamba wakifanya hivyo hawana kazi tena, si hii wala nyingine, kisha akavuta kiti, akachukua daftari, akaanza kusoma majina kwa sauti ili Haidari ayachape. Ijumaa tarehe 22 Machi waliyarudisha mapaa yote arobaini na moja kwenye picha, na chini yake wakaandika majina ya wenye nyumba, na shule, na msikiti, na kisima, na makaburi. Muhtasari wangu hawakuuweka, Haidari akabaki nao, nao ulikuwa mmoja tu, hauna nakala.

Ukurasa ule ulikaa siku sita, washirika wa nje wakausoma, wakaitaka kampuni iwaletee karatasi yenye sahihi za wanakijiji, na karatasi ikawa haionekani. Alhamisi tarehe 28 Machi kompyuta za ofisi zilichukuliwa, na Haidari akawekwa ndani, akituhumiwa kuharibu kazi ya kampuni na kuficha waraka wake. Alihojiwa siku nne. Kila siku aliulizwa jambo moja, karatasi iko wapi, na aliambiwa wazi kwamba akiitoa anakwenda nyumbani. Kila siku alijibu kwamba kuhusu karatasi hana la kusema.

Na mimi siku hizo nne nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa Kibiti, ndani, dirisha limefungwa, kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilijua limenifuata mimi. Siku ya tatu shemeji Salima alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, twende ukaseme unalolijua, mume wangu huko hali chakula," maneno yakimchanganyikia kwa kilio, nami nikamwambia ninaumwa. Salima, sikuwa naumwa.

Aliachiwa siku ya tano, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi. Mwezi Juni washirika watatu wa kampuni walifika wenyewe Nyamikandaa kwa boti, wakiwa na ile picha mkononi, watu wakatoka madunguni wakasimama kila mtu mbele ya nyumba yake, Bibi Sijaona akiwa wa kwanza, wageni wakatembea kutwa nzima wakilinganisha, na mwezi Agosti tukaambiwa mpango umefutwa. Ninyi mkadhani mtendaji wenu ndiye aliyempasha habari nduguye, mkanichinjia mbuzi. Nilikula. Haidari alikuwepo, akaniangalia, naye hakula.

Baada ya hapo ofisi yao haikupata wateja, Danish akaajiriwa kwingine, na Januari 2003 Haidari akahamishia familia yake hapa Kibiti, akafungua chumba cha kufundishia kompyuta karibu na stendi, kwa kompyuta mbili alizopewa na Bwana Zaverchand na jenereta iliyosikika hadi sokoni. Wengi wenu hapa mmejifunzia kwake kuandika barua ya kuomba kazi. Tuliishi ua mmoja, tukisalimiana kila asubuhi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hatukuzungumza jambo jingine zaidi ya salamu.

Mwezi Mei 2003 alianza kuvimba miguu, akapimwa akakutwa na shinikizo la damu ambalo lilikwisha kuharibu figo, akalazwa Dar es Salaam mara tatu, madaktari wakafanya yaliyokuwa ndani ya uwezo wao, na Julai mwaka huu wa 2004 akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 26 Agosti aliniita, akamwomba Salima alete bahasha kutoka kwenye vitabu vyake, akanipa, nikaitambua karatasi kabla sijaifungua. Akasema, "Kaka, maisha yangu utayasoma wewe, na usiuruke mwaka 2002." Nikamuuliza kwa nini basi alinificha, akasema, "Nilikuficha kwa polisi. Kwa watu wa Bibi sikukuficha, nilikungoja useme mwenyewe." Nikalia, akaniachia mkono wake niushike, na tangu siku ile hadi mwisho tulizungumza kila jioni, habari za baba, habari za Tanga, habari za watoto, kama watu waliorudi kutoka safari.

Marehemu alifariki jana, Alhamisi, tarehe 9 Septemba 2004, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, ameacha mama, bibi, mke na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na hapa, majirani waliofunga maduka yao tangu jana, watani wetu waliochimba kaburi na bado wakapata nafasi ya kututania, Bwana Zaverchand aliyetuletea sanda, wanafunzi wake, na Danish, ambaye alipoteza ofisi kwa ajili ya mapaa yasiyokuwa ya kwao na hajawahi kutudai hata shukrani. Shemeji Salima, wewe nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na hulazimiki kunijibu leo.

Karatasi yenyewe ni hii mkononi mwangu, na namkabidhi sasa hivi mwenyekiti wa Nyamikandaa, aipeleke popote mtakapoona panafaa, nami nitaitika nitakapoitwa. Mama aliambiwa habari hizi jana usiku, kwa kinywa changu. Na sasa tunamwinua Haidari. Ninyi watu wa Nyamikandaa, wekeni mabega yenu mbele, kwani mna haki naye kuliko mimi, na kama mtaona mimi nisiliguse jeneza, semeni tu, nitafuata nyuma kwa miguu hadi makaburini.

Haidari, mdogo wangu, Mola akupokee kwa rehema yake, kazi yako imekwisha, pumzika.