Moto Juu ya Maji: Dada Kipaza Anatuaga

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mingi akiwatembeza wageni katika bwawa letu la umeme, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Dada Kipaza anastaafu. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa mitambo, maana sauti yake iliwafikia hata mashine zikinguruma. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni, na kwa kuwa tumekula chumvi nyingi pamoja kazini, nimeombwa niandike.

Aliajiriwa akiwa binti, ukuta ukiwa bado unajengwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungumza na familia zilizotakiwa kuhama, ya kwao ikiwemo. Baba yake, fundi baiskeli mwenye shamba la miti ya matunda, alikuwa mbishi kweli kweli. Lakini bintiye alipomhakikishia kwamba umeme wa maji hauchafui hewa hata chembe, alifunga mizigo. Shamba likazama, miti ikiwa imesimama.

Tangu hapo Dada Kipaza alilirudia neno hilo kwa kila mgeni: umeme huu ni safi. Wanafunzi walimpenda kwa utani wake. Aliyesinzia kwenye boti aliulizwa kwa upole kama alikata tiketi ya kiti au ya kitanda.

Kisha akaja mtafiti, mama mwembamba mwenye kofia pana. Alitaka tumpeleke upande wenye kina kifupi, pale pale lilipozama shamba la akina Dada Kipaza. Akafunika faneli kubwa juu ya maji, akachokoa tope kwa ufito mrefu. Mapovu yakapanda kama sufuria inayochemka. Akatuambia tusogee nyuma, akawasha kiberiti kwenye mdomo wa faneli.

Moto ukalipuka. Juu ya maji! Niliachia usukani bila kujua.

"Hii ni methani," mtafiti alisema. "Miti, majani na tope vikioza huko chini pasipo hewa, hutoa gesi hii. Inaipasha dunia joto kuliko hata ile hewa ya moshi wa magari."

Dada Kipaza aliketi sakafuni mwa boti. "Kwa hiyo nimewadanganya watu miaka yote hii?"

"Hukujua. Hakuna aliyekuwa amepima hapa."

Jibu hilo halikumtuliza. Alinisimulia jinsi alivyokwenda kwa baba yake na kumweleza kila kitu. Mzee aliweka spana chini.

"Ina maana ni miti yangu inayotoa moto?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilihama kwa maneno yako. Sasa kawaambie na hao wageni wako."

Akawaambia. Meneja wa wakati huo alikuja juu. "Unatuharibia jina!" alifoka, akamhamishia stoo. Huko Dada Kipaza aligawa glavu na mabuti, na neno lake hakulifuta.

Ulipokuja mpango wa kuinua ukuta, msitu mzima ulikuwa uzamishwe vile vile ulivyo. Dada Kipaza akaingia mkutanoni bila kualikwa, akamwomba meneja jambo moja tu: apande boti. Alipanda, na suti yake. Mtafiti akachokoa tope, akawasha kiberiti, na meneja aliyegoma kusogea nyuma akapoteza nusu ya nyusi zake. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi tulipofika gatini. Bosi alirudi ofisini, akaagiza msitu ukatwe na kuondolewa kabla maji hayajapanda. Dada Kipaza akarudishwa kwa wageni.

Gesi haijaisha. Mito bado inaleta takataka zake, na kila tukipima tunashtuka upya. Wiki iliyopita, katika ziara ya mwisho ya Dada Kipaza, mgeni mmoja alimwuliza kwa hofu kama si afadhali bwawa libomolewe.

"Hospitali yetu inapata taa kwa maji haya," alijibu. "Sisemi tubomoe. Nasema tupime, na tuambiane."

Dada yetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante sana. Nenda kapumzike na wanao na wajukuu, ulale hadi jua liwake. Afya na furaha visikupungukie. Sisi huku tutaendelea kupima.