Shavu Lililocheka Msibani

Mheshimiwa Meneja, wakuu wa vitengo, mafundi wenzangu, nanyi wageni mliovumilia viti hivi vigumu: habari za mchana.

Mnaniaga baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya kukatia vitambaa, na mjue kwamba humu kiwandani hakuna nilichowahi kukiogopa. Aa, huo ni uongo. Miaka sita nimeogopa kikombe cha chai. Mliniona nikinywea nyuma ya majora, mkasema mzee mchoyo wa sukari. Chai ilinitoka pembeni ya mdomo, jamani, sikutaka mnihesabie matone.

Niliamka asubuhi moja, upande wa kushoto umegoma bila notisi. Daktari akasema mshipa wa uso umelala. Akatibu uso, mwenye uso alitibiwa na nani? Mke wangu akawa ananiuliza, "Baba, anayenikasirikia ni wewe au ni shavu?" Mara nyingine ni mimi, nikilisingizia shavu. Kazini nilijifunga kitambaa, nikawadanganya kwamba ni jino.

Wiki ya pili, Mheshimiwa, ulisimama hapahapa ukatangaza kifo cha fundi pasi, rafiki yangu, mume wa shemeji yetu mshona vifungo, yule pale karibu na mlango. Nikalia. Kitambaa kikateleza. Wengine wakilia, uso wote unalia. Wangu ulivutwa upande mmoja, meno nje. Ukaniuliza mbele za watu, "Mzee, unacheka nini?" Nilitaka kujibu, mdomo ukatoa mate. Shemeji akageuka, akayaona meno.

Hajanisalimu tangu siku ile. Nanyi mlipouona uso umepinda, mkanong'ona kwamba ni malipo ya kumcheka marehemu. Ningejitetea vipi, kwa uso uleule unaonishitaki?

Kesho yake nilikuletea barua ya daktari. Ukaisoma, ukainamisha kichwa, ukasema, "Nitawaeleza." Ulisahau, au uliona haya? Si kwamba wewe ni mtu mbaya. Paa lilipovuja juu ya meza yangu ulipanda darini mwenyewe, na tai yako shingoni. Darini uliweza.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Zawadi imetosha, Mheshimiwa, msiniongezee. Nina ombi dogo tu, na unajua ni deni. Uliniuliza mbele za watu. Simama unijibie mbele za watu. Na unapojibu usinitazame mimi. Mtazame shemeji.