Muwati Ambao Hakuuhamisha

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, mtunza bustani wa ofisi yetu ya upimaji ardhi atarudisha funguo za bohari na kwenda kupumzika. Wengi wetu humwita Mama Muwati. Jina hilo alilipata kwa muwati, kichaka cha maua ya manjano kilichoko uani, na halijawahi kumchukiza.

Alipoajiriwa, ua wetu ulikuwa changarawe na matairi mabovu. Mwaka wa tatu alileta mbegu nne ngumu kama kokoto, akazimwagia maji ya moto na kuziacha humo mpaka zivimbe. Iliota moja. Aliipanda katikati ya ua, penye jua la kutwa, mita tisa kamili kutoka mlango wa bohari. Naijua namba hiyo kwa sababu niliipima mimi.

Kanuni zake tulizishika kwa kuzisikia tu. Maji mengi mara moja kwa wiki, si kidogo kidogo kila siku. Matandazo ya majani makavu, lakini yasiguse shina. Kupogoa mara tu maua yanaponyauka, na kamwe si kwenye tawi kuukuu. Zaidi ya yote, mizizi isiguswe, kwa maana muwati ukihamishwa hufa. Mkuu wetu wa zamani aliyetaka kuegesha gari karibu na shina aliambiwa, kwa heshima zote, kwamba gari lina magurudumu na muwati hauna. Msimu wa maua ulipofika, wachoraji ramani walifuta vumbi la manjano mezani huku wakipiga chafya na kunung'unika, na hakuna hata mmoja aliyekubali kufunga dirisha.

Kwa kuwa ulisimama mahali pa wazi, tuliufanya alama ya mazoezi ya wanafunzi wetu wa upimaji. Mwaka mmoja kundi zima lilileta mita saba na sentimita themanini badala ya tisa. Niliwafelisha wote. Mwaka uliofuata kundi jingine lilileta saba na nusu. Hapo mimi na mkuu tukaamua kwamba mtunza bustani ameung'oa muwati na kuusogeza, akatuharibia alama. Barua ya onyo niliiandika kwa mkono wangu. Alinijibu mbele ya watu: "Sijaugusa mzizi hata mmoja, mzee. Ningeuhamisha ungekuwa umekufa. Na utepe mnao ninyi, si mimi."

Tulicheka. Watani wa ofisini walisema huutembeza siku za Jumapili. Lakini barua ilikaa katika jalada lake miaka kumi na mmoja, na kwa sababu yake alinyimwa usimamizi wa bustani zote mara mbili. Aliendelea kuumwagilia. Sisi tulihamishia mazoezi kwenye nguzo ya taa, na hakuna aliyeupima muwati tena. Tulipita kando ya muwati kila siku bila kuona kitu. Miaka ya karibuni Mama alikuwa akiingia bohari kwa ubavu, nasi tukadhani ni umri.

Kamati ya kumuaga ilipomwuliza anataka saa ya ukutani au sanduku la safari, alisema anataka muwati upimwe, kisha jina lake lisafishwe au libaki lilivyo. Akaenda likizo yake ya mwisho, nyumbani kwake ng'ambo ya mji.

Jumatatu saa nne asubuhi nilishika utepe mwenyewe, wapimaji wawili wakishuhudia. Kutoka mlango wa bohari: mita moja na sentimita kumi. Udongo ulikuwa mgumu, umetandwa na ukoga wa kijani, haujaonja jembe. Muwati wa aina hii hauvuki miaka kumi na mitano. Huu una ishirini na mitano, na ulikuwa umechanua nje ya msimu. Hakukuwa na upepo. Hata hivyo vumbi la manjano lilikuwa limelala chini katika mstari mmoja mwembamba, kuanzia katikati ya ua hadi shinani.

Taaluma yetu hupima mara mbili. Ijumaa tulirudi. Uani hakuwa ameingia mtu. Funguo za lango zilikuwa kwenye droo yangu. Mita moja na sentimita arobaini na mbili. Muwati ulikuwa umegeuka, unaelekea lango alilopitia Mama alipoondoka. Mpimaji mmoja aliukunja utepe polepole, akasema, "Mzee, tuliwafelisha watoto wa watu bure."

Barua ya onyo imefutwa. Mkuu wa sasa ametia saini, nami nimetia yangu. Siku ya kuagana Mama atakabidhiwa jalada lake likiwa safi, na ombi langu la msamaha litasomwa hadharani bila kufupishwa.

Mama, ulisema kweli, na sisi wenye vipimo hatukupima. Ahsante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na uzee wa raha nyumbani kwako. Tenga nafasi mbele ya mlango, upande wa jua. Usichimbe shimo, halitahitajika.