Nani wa Mwisho

Kahawa i mkononi, maneno yanachemka,
Na mgonjwa mlangoni, zamu haijamfika.

Benchi letu limeegemea ukuta wa zahanati ya serikali, katika mji wetu mdogo huku Bulgaria. Foleni yake haina namba: anayefika huuliza nani wa mwisho, huyo hujibu, naye humfuata. Jumatatu hiyo tulikuwa wazee watatu, tukinywa kahawa na kungoja kupimwa presha: Radoy, tuliyemwita Waziri kwa kuwa aliwahi kufagia ua wa wizara, Gencho, aitwaye Sindano, ambaye hajaugua hata siku moja lakini anazijua dawa zote, na mimi, Kimya.

Mjadala ulihusu siku ya Alhamisi. Muuguzi alikuwa amewaambia Waroma, kabila la wachache huku kwetu wanaokaa mtaa wa chini, wawe wanakuja siku hiyo tu, na siku hiyo daktari huwa vijijini. Waziri alishikilia kwamba huo ni mpango wa kitaalamu.

— Mpango gani, bwana? akasema Sindano. Ni upepo. Alhamisi hushuka upepo wa mlimani, presha yao inatulia yenyewe. Daktari wa nini?

— Upepo huo si unakupitia na wewe?

— Damu yangu mimi ni ya Jumatatu.

Waziri akaeleza kwamba kuna mashine huko mji mkuu, Sofia, inayowagawia watu siku zao, na mashine haina chuki na mtu. Sindano akakubali, akaongeza kuwa mashine hiyo hufuata mwezi. Mimi nikanywa kahawa. Sote tulijua kwamba muuguzi aliliamua jambo hilo peke yake, kwa mdomo, na kwamba foleni ilipopungua tulifurahi.

Hapo akafika Sevda wa mtaa wa chini. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na miguu ilimvimba hata akavaa viatu kwa kuvikanyaga visigino. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu juzi. Alhamisi mbili alikuta mlango umefungwa. Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na daktari huondoka saa sita.

— Shikamooni, wazee. Nani wa mwisho?

Kumjibu ni kumpa nafasi. Waziri akachungulia kikombe chake.

— Mimi siye. Nimefika alfajiri.

— Mimi nimefuata kahawa tu, akasema Sindano.

— Na wewe, baba?

Wa mwisho nilikuwa mimi. Nikakana kwa ishara ya kichwa.

Sevda alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu.

— Basi kama hakuna wa mwisho, hakuna foleni. Asanteni, wazee wangu.

Akatupita, akagonga. Muuguzi alikuwa stoo. Daktari akafungua mwenyewe, akaitazama ile miguu.

— Ingia, mama. Keti.

Tukainuka kwa pamoja.

— Wa mwisho ni mimi, daktari, akasema Waziri.

— Mwongo huyo, ni mimi, akasema Sindano.

— Ni mimi, nikasema, na mara hiyo ilikuwa kweli.

Daktari hakugeuka. Mlango ukabaki wazi kidogo, tukasikia kipimo cha presha kikipumua, kisha sauti yake ikiagiza gari la wagonjwa lije upesi.

— Presha hii isingengoja Alhamisi, akasema. Nani alikwambia uje Alhamisi?

Ndani Sevda alikuwa ameketi. Nje, mbele ya benchi tupu, tulibaki tumesimama Waziri, Sindano na mimi.