Mwalimu Paskazia Kamili na Darasa la Ghala la Pamba

Marehemu Paskazia Kamili, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Mama Theonest na wengine Mwalimu tu, alizaliwa Ushirombo mwaka 1934, mtoto wa tatu wa mzee Kamili na mama Justina. Siku yenyewe haijulikani. Kitabu cha parokia kinasema alibatizwa tarehe 2 Desemba, na mama yake alisema alizaliwa watu wakianza kulima. Karani mmoja aliwahi kutaka kumwandikia tarehe ya kubahatisha, akamkatalia. "Wewe siku hiyo hukuwepo, baba," alimwambia, "na mimi nilikuwepo lakini sikumbuki."

Alisoma shule ya misheni hukohuko Ushirombo, kisha shule ya kati ya wasichana, na mwaka 1956 akapata cheti cha ualimu katika chuo cha masista. Wenzake wanasimulia kwamba alisimamishwa nje ya darasa mara nyingi kuliko wasichana wote, na kosa lilikuwa lilelile: kuuliza kwa nini. Alianza kufundisha Januari 1957, na kila mara aliomba apewe darasa la kwanza, ambalo walimu wengi walilikimbia.

Tarehe 8 Septemba 1962 alifunga ndoa na babu yetu Gelasius Ngassa, fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba. Babu mwenyewe anasema alipokwenda kuposa alitegemea kupewa jibu, kumbe alipewa maswali, akarudi nayo nyumbani akiyafikiria njia nzima juu ya baiskeli. Waliishi Nyasubi, Kahama, wakabarikiwa watoto watatu. Mwaka 1975, wakati wa kuhamia vijijini, walikuja kujenga hapa Ushetu.

Hapa ndipo alipofanya kazi aliyoipenda kuliko zote. Ghala la pamba la ushirika lilikuwa limebaki tupu, na mwaka 1977 aliliomba kwa serikali ya kijiji, akalifagia, akakusanya watoto wadogo ambao umri wa shule ulikuwa haujafika. Hakuwaimbisha a, e, i, o, u kutwa nzima. Alileta karai la maji, akaweka pembeni mbegu ya pamba, kokoto, kibuyu na msumari, akauliza kipi kitazama. Mtoto akijibu, alimwuliza, "Umejuaje?" Aliyejibu "nimeambiwa" hakukaripiwa, ila aliitwa mbele akatumbukize kitu chake aone.

Sasa, maswali hayo hayakukaa ghalani. Yalifika majumbani, na mwaka 1978 nusura yalifunge darasa. Mzee Bujiku, mwenyekiti wa wazee wa kijiji, alikuwa na wageni waliokuja kwa mazungumzo ya mahari. Akawaambia wasikawie kuondoka, kwa kuwa mumbi, yule ndege mkubwa mweusi, amenguruma alfajiri, na mumbi akinguruma lazima mvua inyeshe. Mjukuu wake Bernadina, wa miaka sita, akamdakia babu yake, "Guku, umejuaje? Juzi alinguruma na mvua haikunyesha." Wageni wakacheka. Mzee Bujiku hakucheka.

Kesho yake Mzee Bujiku alisimama mlangoni mwa ghala na fimbo yake. "Mwalimu, mtoto nilikuletea anyonyaye kidole, umenirudishia hakimu." Wazazi wengi walimuunga mkono. Mmoja alilalamika kwamba akimtuma mwanawe maji, kwanza anatakiwa ajieleze. Kikao cha kijiji kikampa Mwalimu siku ya Jumamosi aje kujitetea. Akishindwa, ghala lingefungwa na watoto warudi kuchunga ndama.

Hakungoja Jumamosi. Alilala akiwaza, akaona kwamba watoto hawakukosea kuuliza, ila yeye hakuwafundisha namna ya kuuliza. Asubuhi aliwapanga wote wakaenda kwa Mzee Bujiku, wakapiga magoti mbele ya zizi, naye mwalimu akapiga magoti pamoja nao.

"Shikamoo, guku," walisema.

"Marahaba. Mmekuja kunihukumu tena?"

"Hapana," Bernadina alisema. "Tumekuja kuomba utufundishe. Mambo ya mumbi na mvua nani alikuonyesha?"

"Baba yangu."

"Na yeye?"

"Sikumwuliza. Ningechapwa." Kisha Mzee akaanza kucheka yeye mwenyewe, mpaka akaegemea mti wa zizi. "Basi kaeni. Tumwangalie huyu ndege pamoja."

Jumamosi alikiomba kikao kingoje masika yaishe, na msimu ule wote watoto walipita kwake kabla ya darasa. Mumbi akinguruma na mvua ikanyesha, walitia kokoto katika kibuyu kimoja. Isiponyesha, katika kingine. Masika yalipokwisha, Mzee Bujiku alivipima vibuyu mkononi mbele ya watu, akatoa hukumu: "Ndege huyu ni kama shemeji yangu. Kweli anaisema, ila siku anayotaka yeye." Darasa halikufungwa. Tangu hapo kanuni ya Mwalimu ilikuwa moja: magoti kwanza, shikamoo, halafu swali. Sisi wajukuu tulilelewa na kanuni hiyo, na hatukumbuki hata siku moja bibi kutujibu kwa kutufukuza.

Mwaka 1985 aliugua kisukari, akatibiwa katika hospitali ya misheni. Nesi mmoja alichoka kuulizwa-ulizwa, akamwambia, "Bibi, wenzako wanameza tu." Akamjibu, "Nami nitameza, mama, nikishaelewa." Na kweli, alipoelewa hakuacha dozi hata moja. Mwaka huu kidonda cha mguu kilikataa kupona. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1998, akiwa amepokea mpako wa wagonjwa, mkono wake ukiwa katika mkono wa babu. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu wa namna hii miaka yote hiyo.

Ameacha mume, Gelasius, watoto Theonest, Justina na Valerian, wajukuu saba, na darasa la watoto ambao jana walikuja msibani wamenyoosha mstari bila kupangwa na mtu. Jana hiyohiyo wazee walishauriana kulifunga ghala mpaka matanga yaishe. Mzee Bujiku, ambaye sasa haoni vizuri, aliomba fimbo yake, akasimama, akasema, "Matanga ni yetu wakubwa. Watoto waende darasani." Mwalimu Scolastika, aliyekuwa akimsaidia ghalani, ataanza nao kesho asubuhi.

Mungu amlaze pema, mwalimu wetu, na amani yake isikatizwe.