Bwawa la Baba Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja kunong'ona.

Mnanijua, mimi ni Mama Neema wa Isansa, mke wa yule mliyezoea kumwona akibebwa. Baba Neema alikwenda kwa miguu yake kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma, akarudishwa kwenye machela. Gogo la kushikilia paa la mgodi lilimwangukia kiunoni. Mbeba magunia ya kahawa akawa mtu wa kukaa barazani akifukuza kuku! Nililia, jamani.

Muuguzi wa misheni akatuambia mifupa imeunga, ila miguu imesahau kazi. Atembee kila siku ndani ya maji yanayofika kifuani, na tusichelewe, maana nyama ya miguu ilikuwa inanyauka. Mto wetu una kasi na mawe yake yanateleza. Basi nikasema tutajenga bwawa la kuogelea hapa hapa nyumbani, kama la Mzungu! Watu walicheka mpaka wakakohoa.

Nikapanga. Bwawa nililipima kwa kamba, Baba Neema nikampima kwa fimbo, toka unyayo hadi kifua. Nikakadiria simenti, mchanga, kokoto, ujira wa fundi na mfereji wa kuleta maji toka kijitoni. Fedha yote ya kahawa ikaenda huko. Hesabu ikakaa sawa, nikajiona fundi mkuu!

Ndugu zangu, nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu hasahau. Siku ya kuchimba, majirani walikuja na majembe, wakakaa, wakatazama huku na huku. Baba mdogo wa mume wangu akaniuliza, "Mama Neema, mtungi uko wapi?"

Nikamjibu, "Baba, sisi tumeokoka. Hapa hapapikwi pombe."

"Sawa, mwanangu. Lakini jembe langu bado halijaokoka." Wakacheka, wakaenda zao.

Kwetu mtu haitwi kazini bila kinywaji, nami sikuweka hata togwa isiyolevya! Nilidhani wokovu wenyewe utachimba shimo. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua ikitutangulia, simenti ingeganda ndani ya mifuko, na kahawa nyingine ni mpaka mwakani. Miguu ya mume wangu ingengoja mpaka mwakani? Mama mkwe akaninong'oneza, "Nikupikie pombe kidogo tu, Mungu anaelewa." Moyo ulitikisika! Nikamtazama Baba Neema pale barazani, nikaingia ndani, nikapiga magoti.

Nikainuka na neno moja mdomoni: akina mama wa kwaya! Tuliloweka ulezi, tukapika togwa, na ilipokuwa tayari wakaja wote na majembe, unga na maharage. Tukaingia shimoni tukiimba. Adhuhuri ikafika, na kule majumbani hakukuwa na wa kusonga ugali. Haleluya! Njaa mwana malegeza, ndugu zangu. Wanaume wakaanza kuchungulia mmoja mmoja, baba mdogo akitangulia.

Nikamwambia, "Karibu, baba. Chungu kile pale. Ila njia yake inapitia shimoni."

Wakachimba! Togwa wakainywa, wakaomba tena. Mvua ya kwanza ilikuta lipu imekwisha kukauka.

Baba Neema akashuka majini akishika kamba na bega langu. Mwanzoni alilia kwa maumivu, baadaye akawa ananirushia maji usoni kwa makusudi. Siku moja akaachia bega. Siku nyingine akaachia kamba. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia!

Sifa kwa Mungu, aliyenijibu kwa majembe ya wenzangu. Wewe unayepanga jambo kubwa peke yako hadi kichwa kinauma, mtumaini Yeye, na watu wake uwaweke kwenye hesabu toka mwanzo. Usiniamini mimi. Geuka utazame benchi la nyuma.

Baba Neema, fimbo iache hapo hapo. Njoo mbele, baba, tuimbe.