Ndege Walikula Kabla Yetu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na ninyi mliokaa nyuma kabisa, maana wiki hizi mngekuwa mmeshatuzika, na badala yake nimesimama hapa na gauni langu la Jumapili! Nivumilieni. Nikinyamaza katikati, msidhani nimesahau maneno. Ni kwamba nayaona tena yale niliyoyaona.

Wengi mnanifahamu. Naitwa Nyanjura, nakaa hapa Nyasura. Mimi ndiye wa kwanza kwa wazazi wangu. Baba alitangulia, mama akamfuata upesi, wote wawili wamelala nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa darasa la sita. La saba sikulifika. Nilivua sare, nikafunga kanga, nikawa mama wa wadogo zangu, Magesa na Eliza. Magesa sasa ni kijana mkubwa, anafyatua matofali. Eliza, wakati ule, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Ndugu zangu, Eliza ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Madaktari kule Musoma walituambia mapema, nasi tumeishi nayo. Miezi ya baridi ndiyo adui yake. Ikishaingia Juni, upepo wa asubuhi ukianza kutoka ziwani, mifupa yake inamuuma mpaka analia bila sauti. Shule inasimama. Namvalisha sweta mbili, namfunika blanketi, namkalisha kwenye mlango wa nyuma jua linapopiga. Hapo anakaa mpaka mchana, na kazi yake ni moja tu: kuangalia ndege.

Kati ya mlango ule na makaburi ya wazazi kuna jiwe bapa. Mama yangu alikuwa akipepeta nafaka, chenga zote anazimwaga juu ya jiwe lile, na pembeni anaweka maji kwenye kigae cha chungu. Alisema miezi ya ukavu ndege wanateseka, nyasi hazina mbegu. Mama alipoondoka nikaendelea. Sikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa nafanya alivyofanya mama, basi.

Na ndege wanakuja! Tetere wanakuja wawili wawili, Eliza anawaita Maharusi. Shomoro wakija wote kwa pamoja na makelele yao, anawaita Kwaya. Na kuna kwezi mmoja, bluu yote inang'aa, jicho la njano. Huyo akitua anatembea kifua mbele, anawaangalia wenzake mmoja mmoja, kisha anaokota wa kwanza. Eliza akampa jina la Mzee wa Zaka. Wazee wangu, nisameheni, mnacheka wenyewe! Ni mtoto aliyesema, na kwa kweli mwendo ni ule ule.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoanza kuharibika. Mama Rhoda, kiongozi wetu wa maombi ya akina mama, yuko pale mbele na amenipa ruhusa nilitaje jina lake. Siku moja alipita nyuma ya nyumba yangu akaona mtama juu ya jiwe, na makaburi hapo hapo. Akasimama.

"Nyanjura, mwanangu, huku nyuma unamlisha nani?"

"Ndege, mama."

"Ndege! Nafaka juu ya jiwe, maji kwenye kigae, miguuni pa mama yako, unaniambia ndege? Mimi nimezaliwa huku. Babu yangu alikuwaga na jiwe kama hilo, na hakuwa anawapa ndege."

Nilimwelewa. Wengi wetu tuna babu aliyemwagia mizimu nafaka. Nikamwambia, "Mama yangu alikufa ameokoka. Yuko kwa Bwana, hana shida na chenga zangu." Hakuridhika. Maneno yakatembea. Akina mama wakaacha kuja kuomba nyumbani kwangu. Nikaambiwa nisiongoze maombi mpaka jiwe litoke. Magesa akasema, "Dada, si ulitoe tu? Jiwe na kanisa, kipi bora?" Nilikataa. Ningelitoa, ningekuwa nimekubali kwamba mama yangu ni mzimu. Tena Eliza angebaki anaangalia nini?

Na njaa nayo ikaingia. Mnajua msimu ulivyokuwa. Debe la mahindi likafika chini. Kuku walishakwisha wote kwa ugonjwa wa kideri. Tukawa tunakunywa uji asubuhi, na jioni uji tena. Ndipo mama mdogo akapiga simu kutoka Suguti. Huyu ni mke wa baba mdogo Masatu, mdogo wake baba. Akasema, "Nimepata mtama kwenye ghala, tumegawana nusu kwa nusu, wenu naupakia kwenye gari la asubuhi. Msage, mle." Ndugu zangu, niliruka! Nilicheza jikoni peke yangu kama nimeona harusi.

Ilikuwa Jumamosi. Baridi kali, upepo unapuliza vumbi. Nikafungua gunia, nikapepeta mtama kwenye ungo mlangoni, chenga nikazimwaga kwenye jiwe kama kawaida. Nikajaza beseni niupeleke mashine. Nilikuwa nimeshalitweka kichwani, hivi, nasikia hodi! Mama Rhoda na akina mama wengine wawili. Mmoja ameshika jembe.

"Tumekuja kukusaidia," Mama Rhoda akasema. "Leo jiwe linang'oka."

Nikashusha beseni. Nikasimama mbele ya jiwe. Nikasema, mama zangu, nawaheshimu, lakini hapa hamtachimba. Yule mwenye jembe akasema, "Huyu mtoto ana kichwa kigumu kama marehemu baba yake!" Nikamjibu, "Ndiyo, nimekirithi." Tukabishana. Sauti zikapanda, na mimi moyoni nanung'unika, Bwana, watu wana njaa na hawa wananichelewesha kwenda mashine!

Ndipo Eliza akapiga kelele.

"Dada! Mzee wa Zaka ameanguka!"

Tukageuka wote. Yule kwezi alikuwa chini, bawa moja linapiga udongo, mdomo wazi. Kabla sijasogea tetere mmoja akainama pale juu ya jiwe, kama anayesujudu, akalala ubavu. Mwenzake akaruka, akafika usawa wa paa, akarudi chini kama jiwe. Na shomoro! Shomoro walikuwa wanadondoka mmoja mmoja kama matunda mabovu. Hakuna aliyelia. Kwaya nzima ikanyamaza, na ua wangu ukawa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia toka nizaliwe.

Wapendwa, sikuelewa! Yule mwenye jembe akaliachia, akaanza kukemea, "Toka! Toka kwa jina la Yesu! Mizimu imekasirika!" Lakini Mama Rhoda hakukemea. Alichuchumaa, akaokota punje kwenye ungo wangu, akainusa. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Nyamaza wewe," akamwambia mwenzake. "Hii si mizimu. Hii ni dawa. Hivi ndivyo watu wanavyowategea ndege shambani, wanaloweka mtama kwenye sumu ya wadudu." Kisha akanigeukia, sauti imekwisha kabisa. "Nyanjura. Nani ameshaonja?"

Nani ameshaonja! Mimi sikuwa nimeonja. Magesa alikuwa hajarudi kutoka kwenye matofali. Nikamwangalia Eliza. Ndugu zangu, Eliza ana tabia ya kutafuna mtama mbichi. Alikuwa kwenye blanketi lake, mkono mmoja umefumbwa.

"Eliza. Fungua mkono."

Akafungua. Punje zilikuwa pale. Kiganja kimejaa.

"Umekula?"

Akatikisa kichwa, machozi yanatiririka. "Bado, dada. Mimi na Mzee wa Zaka tunakulaga pamoja. Yeye anaanza, akishameza ndipo na mimi naanza. Nilikuwa namngoja, akameza akaanguka hapo hapo, kabla sijaanza."

Haleluya! Sijui kama mmesikia. Alikuwa anamngoja ndege ameze! Nikakaa kwenye vumbi. Mama Rhoda ndiye aliyemnyanyua mtoto, akamkung'uta mkono, akamnawisha kwa sabuni mpaka kiwiko, akarudia tena, huku analia kuliko sisi sote. Jembe limelala pale, hakuna aliyelikumbuka.

Nilidhani mshituko umeisha. Kumbe bado.

Magesa akarudi, akaona ndege wametapakaa, akaambiwa. Akauliza swali moja tu, "Mtama umetoka wapi?" Sote tulijua umetoka Suguti. Baba mdogo Masatu alikuwa anatutaka tuuze kiwanja hiki, tukaishi kwake Suguti. Tulikataa, kwa ajili ya makaburi na kwa ajili ya hospitali ya Eliza. Wakati wa Pasaka aliondoka hapa amekasirika, hakuaga. Yule mama wa jembe akasema kwa sauti ya chini, "Ametaka kuwamaliza." Na mimi, wapendwa, kitu cheusi kikanipanda kifuani. Niliiona sura ya baba mdogo, nikamwamini kila baya.

Halafu yakanijia maneno ya mama mdogo. Tumegawana, nusu kwa nusu.

Nikasema, "Wana mtama huu huu. Nipeni simu, yangu haina salio."

Magesa akanishika mkono. Sikilizeni alichosema mdogo wangu niliyemlea. "Dada, usipige. Wametupikia wenyewe, waache wapakue."

Maneno yale yalinitisha kuliko ndege waliokufa. Nilimtazama nikaona kwamba sumu imeshatufikia, ila haikupitia mdomoni. Nikamwambia, "Magesa, fikiri. Kama wamefanya kusudi, wao hawataula. Kama si kusudi, watoto wa baba mdogo wanaula sasa hivi." Akaniachia mkono. Mama Rhoda alikuwa ameshanipa simu yake.

Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nasema, Bwana, mwinue mama huyu aishike simu! Ikapokelewa.

"Haloo? Nani? Nyanjura! Subiri kwanza nasonga ugali, mikono imejaa unga."

"Mama mdogo, usisonge! Mwaga!"

"Nimwage nini? Wewe mtoto unapigaga kelele kama kunguru, kuna nini?"

"Mtama una sumu! Ndege wamekufa hapa! Umetoa kwenye gunia gani?"

Nikasikia sufuria inagonga chini. Nikasikia anawafokea watoto, "Acheni! Tema! Hujaweka mdomoni? Fungua mdomo nione!" Kisha akalia, kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Hakuna aliyekuwa ameonja. Walikuwa wamekaa na sahani zao wanangoja. Watoto wote, wapendwa! Wote!

Kumbe baba mdogo alikuwa amechanganya sumu na mtama ili awatege ndege wa shambani kwake. Uliobaki akauweka kwenye gunia, kona ya ghala, akaenda Musoma kwenye shughuli zake bila kumwambia mtu. Mkewe akaona gunia lina mtama, akauchanganya na mwingine, akashukuru Mungu, akatukumbuka yatima. Ndivyo ilivyokuwa. Huruma yake ndiyo ilitaka kutuua sote!

Siku iliyofuata baba mdogo alikuja mwenyewe. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja nyuma, akapiga magoti kwenye kaburi la kaka yake, akalia kama mtoto. Magesa alisimama mbali, amekunja mikono. Kisha nikamwona anakwenda kumshika baba mdogo bega, anamwinua. Bwana shamba akaja akachukua mtama uliobaki, akatuelekeza namna ya kuwazika ndege. Magesa na baba mdogo wakachimba shimo refu, wanapokezana jembe lile lile. Na lile jiwe aliloapa Mama Rhoda kuling'oa, aliling'oa, maana sasa lilikuwa na sumu. Alilitupia shimoni kwa mikono yake, akafukia. Siku zile zile akaleta lingine, amelibeba kichwani kutoka kwake, akaliweka pale pale pa kwanza. Akasema, "Huyo aliyesema ndege wa Nyanjura ni mizimu aje aniambie mimi."

Ndugu zangu, ushuhuda wangu ni huo. Mungu aliniokoa na kifo kwa kiumbe ambacho mtu anakipiga manati asijute. Lakini namshukuru zaidi kwa ile simu. Tungepona sisi, halafu tukawazika watoto wa Suguti huku tunajua tungeweza kupiga, tungeishije? Wewe uliyekaa hapa na ndugu yako mliyekosana, umeshamhukumu moyoni, umesema na apakue alichopika. Nakusihi, mpigie. Leo, ukitoka mlangoni hapa. Mwachie Bwana ajue nani alikusudia na nani hakukusudia. Mwamini huyu aliyetuona sisi yatima wakati sisi hatuoni.

Baada ya siku ile jiwe lilikaa tupu muda mrefu. Namwaga chenga, zinapeperushwa na upepo. Eliza anakaa na blanketi lake, kiganja kimejaa, hataki kula. Namwambia kula, mtama huu ni safi, nimeununua mwenyewe. Ananijibu, "Nangoja, dada."

Asubuhi ya leo, nikiwa natafuta viatu vya kuja kanisani, nikamsikia anacheka. Nikachungulia. Kwezi mdogo, bluu yake bado haijakolea, alikuwa juu ya jiwe la Mama Rhoda anaokota. Alimeza, akatutazama, akaokota tena. Eliza akaweka punje mdomoni, akaanza kutafuna.

"Dada," akasema, "njoo ule. Ameshaanza."

Nami nikala, wapendwa. Msaidieni Nyanjura kusema asante kwa Bwana!